Jino la Baba Mdogo

Fahali aliitwa Tingatinga, na siku alipoingizwa kwenye ukumbi wa Baraza la Chanzo mjini Tukuyu, watu walirudi nyuma mpaka wakabanana ukutani. Wiki iliyotangulia alikuwa amemchoma pembe binti aliyekuwa akimpelekea majani, akamvunja mbavu. Mwenye ng'ombe alikaa benchi la mbele, amejikunyata, jasho linamtoka ingawa ukungu ulikuwa umejaa hadi madirishani. Aliijua sheria. Kila mtu aliijua. Mnyama au mtu akimwaga damu, Baraza linamtafuta aliyempandikizia ule ukali tangu utotoni, na huyo ndiye anayekwenda kulima kwenye kambi ya serikali.

Tusekile alimwendea yule fahali peke yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyekuwa msomaji mkuu wa Baraza. Hakushika fimbo wala kamba. Alisimama ubavuni ambapo mnyama angemwona vizuri, akamwachia amnuse mkono mpaka atosheke, ndipo akabandika kisomeo kwenye shina la pembe. Kilikuwa kidude kidogo, saizi ya kifuniko cha chupa.

"Tulia, baba," alimwambia. "Naangalia tu."

Pembe hukua kwa pete. Miezi ambayo mnyama ameishi kwa hofu huacha pete nyembamba, iliyobanwa, yenye chumvi zisizopatikana kwenye pete za miezi ya amani. Kwa binadamu husomwa gego la kwanza, lile linaloanza kujijenga ndani ya ufizi mtoto akiwa bado ananyonya. Lakini pembe na jino husema lini tu, havisemi nani. Ili kumjua nani, anayesomwa husikilizishwa sauti za wote waliomlea, mmoja mmoja, na kisomeo hupima jinsi mwili wake unavyoruka.

Sauti ya mwenye ng'ombe ilipopigwa, Tingatinga alicheua, akapepesa masikio. Ikapigwa sauti ya mtu aliyemuuza akiwa ndama. Yule mnyama mzito, mwenye shingo nene kama gogo, alianza kutetemeka magoti. Halafu akajikojolea pale pale mbele ya watu, macho yamemtoka, bila kusogea hata hatua moja.

Nyuma kabisa mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua akaanza kuutafuta mlango. Hakufika.

Watu walishangilia hukumu iliposomwa. Tusekile alikuwa akikiondoa kisomeo, uso umetulia kama kawaida yake, na hapo akafanya lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: aligeuka akamtazama mhukumiwa usoni. Alipenda kuuona uso ule ukiporomoka. Alikuwa akiunyonya polepole kama mtu anayenyonya muwa, na katika kila uso alikuwa akimwona mtu mmoja tu.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Bi. Atuganile, alimwita ofisini mchana uleule. Alikuwa ametabasamu.

"Kaa, mama. Nina habari zako njema. Mzee Ambilikile anapewa Cheti cha Nyumba Safi."

Tusekile hakukaa. "Baba mdogo?"

"Huyo huyo. Halmashauri imekubali apewe na kile kituo kipya cha yatima kule Kandete akisimamie. Watoto watano amewalea pale nyumbani kwake, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwaga damu ya mtu. Nyumba ngapi zina rekodi hiyo? Na wewe tunakuomba usimame ubavuni mwake siku ya sherehe. Mfano hai."

Wazazi wa Tusekile walikuwa wamefukiwa na maporomoko ya udongo yeye akiwa na miaka mitatu. Mdogo wake Ipyana alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba yao mdogo, Ambilikile, mwalimu wa shule na mtu wa kanisani, aliwachukua wote wawili, na kila mtu akamsifu.

"Ipyana alikufa," Tusekile alisema.

"Najua, pole sana. Lakini Ipyana alijiua, mama. Sheria inahesabu damu ya mtu mwingine."

"Na mimi nikisema alitupiga? Nikisema alikuwa akitupiga mpaka tunasahau majina yetu?"

Tabasamu la Bi. Atuganile lilipungua, ingawa halikuisha. Hakuwa mtu mbaya. "Umewahi kumwaga damu?"

"Unajua sijawahi."

"Basi siwezi kulisoma jino lako. Mtulivu hasomwi. Tukifungua mlango huo kila mtu atamleta mzazi wake hapa kwa kofi la mwaka fulani. Wewe umetoka salama, mshukuru Mungu."

Tusekile alirudi nyumbani kwa miguu kupitia mashamba ya chai. Umetoka salama. Alikuwa amekataa wanaume wawili waliomtaka kwa heshima, kwa sababu wangetaka watoto, naye alikuwa akiuogopa mkono wake. Usiku mwingine aliulalia ule mkono wa kulia mpaka ukafa ganzi. Maisha yake yote alikuwa ameyatumia kuuzuia usipande juu, na sasa zuio lile lilikuwa limegeuka kuwa cheti cha Ambilikile. Kama angekuwa mkali kama Tingatinga, yule mzee angekuwa amekwisha kuvaa sare ya kambi siku nyingi. Upole wake ndio uliokuwa ukimlinda.

Akawaza kumpiga. Aliwaza hivyo waziwazi kwa mara ya kwanza, njiani, mchana kweupe. Sheria ilitaka damu ya mtu mwingine, haikusema ya nani. Hata ya Ambilikile mwenyewe ingetosha. Mzee angefungwa kwa jeraha la kichwa chake mwenyewe, na wale yatima wasingeonja mkono wake.

Lakini alikuwa msomaji, na aliijua kazi yake. Pigo la kupanga kisomeo hulitambua. Mwili wa mtu aliyepanga haukimbilii kwenye hofu yake ya zamani. Unakuwa baridi, na kisomeo huandika neno moja: hiari. Angekwenda yeye kambini, na mzee angebaki na cheti chake na kipande cha plasta.

*

Alikwenda kumwona siku mbili kabla ya sherehe. Alijiambia anakwenda kuzungumza.

Ambilikile alikuwa ameketi barazani, kanzu safi, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa amezeeka vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Tuse wangu. Watu wamenipigia simu kunipongeza na mimi nawaambia wote, mkono haukuwa wangu, ni wa Mungu." Akamsogezea kiti na kikombe cha maziwa ya mgando. "Kunywa, umekonda."

Tusekile alikishika kikombe bila kunywa. "Baba mdogo, nimekuja kukuomba kitu. Kikatae kile kituo. Cheti chukua, sitasema neno. Watoto waachie wengine."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Mzee alicheka kwa upole, kama anavyocheka mtu mbele ya mtoto aliyeuliza swali la kitoto. "Zile fimbo? Mpaka leo? Tuse, sikiliza nikwambie. Baba yangu alikuwa akinichapa mpaka nazimia. Namshukuru kila siku ya Mungu. Haikuniharibu, ilininyoosha. Nami nikakunyoosha wewe. Jitazame! Msomaji mkuu. Mkononi mwako mafahali wanakuwa kondoo. Unadhani huo upole umeupata wapi?"

"Na Ipyana?"

"Ipyana alikuwa dhaifu." Alilisema kwa huzuni ya kweli, na ile huzuni ndiyo iliyomuuma Tusekile zaidi ya neno lenyewe.

Aliweka kikombe chini, akainuka aondoke. Njia ya kutokea ilipita kando ya nyumba, karibu na pipa la maji. Pale, kwenye kivuli, kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na fimbo mbichi za mpera zimelowekwa zisikauke, zimeparwa maganda, nyeupe, za urefu mmoja. Kazi safi kabisa. Aliijua ile kazi. Zamani alikuwa akitumwa yeye na Ipyana kwenda kuzikata, kila mtu za kwake, na ole wako ukileta nyembamba.

"Hizi za nini?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba mno.

Mzee alikuwa amemfuata nyuma, mikono mgongoni. "Za kuegeshea nyanya," alisema. Halafu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na furaha na alipenda utani, akagonga pipa kwa kucha, ko, ko, kama alivyokuwa akigonga meza zamani, akasema: "Au unataka kuchagua moja?"

Tusekile hakukumbuka pigo la kwanza. Alichokikumbuka baadaye ni harufu ya mpera, na sauti ya mtoto mdogo ikihesabu kwa nguvu, na kwamba sauti ile ilikuwa ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Alihesabu kila pigo, kama walivyofundishwa. Jirani alipomshika kiuno kwa nyuma, kanzu ya mzee ilikuwa nyekundu kuanzia kolani, na mzee alikuwa chini, miwani imepondeka, mikono yote miwili imefunika uso kwa namna ambayo Tusekile aliijua vizuri sana: viwiko vimebanwa, vidole vimekunjwa ndani visivunjwe.

"Tuse! Utaua!" jirani alipiga kelele.

Alitaka kuua. Na chini ya kule kutaka kulikuwa na raha, raha kubwa, iliyompanda kutoka nyayoni mpaka kwenye taya kama maji ya moto baada ya baridi ya siku nyingi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni tamu kiasi kile.

*

Alisomwa na Lugano, kijana ambaye Tusekile mwenyewe alikuwa amemfundisha kazi. Lugano alimbandika kisomeo kwenye gego.

"Samahani, dada," alinong'ona.

"Fanya kazi yako. Usinionee huruma, utakosea vipimo."

Jino lilisema lini: tangu miaka mitatu, tabaka juu ya tabaka, zimebanwa kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kisha zikapigwa sauti. Sauti ya mwalimu wake wa chekechea. Sauti ya bibi mmoja wa kanisani. Ya tatu ilikuwa ya Ambilikile, iliyorekodiwa hospitalini akiomba maji. Mtu aliyekuwa akiomba maji tu. Tusekile alisikia magoti yake yakigongana, akayabana kwa mikono ili angalau asijikojolee.

Bi. Atuganile aliyasoma matokeo bila kuinua macho. "Sehemu nne kati ya tano, chanzo. Sehemu moja, hiari."

Ile moja ilikuwa yake. Kwa ajili yake aliandikishwa kuwa mtu wa damu: asiguse tena mnyama wa mtu, asilale nyumba moja na mtoto mdogo, na kazi ya kisomeo imekwisha siku ile. Zile nne zilimwangukia Ambilikile. Cheti kilifutwa. Kituo cha Kandete kilipewa watu wengine. Miaka sita kambini, mzee wa miaka sabini na mbili.

Tusekile aligeuka kuutazama uso wake. Alikuwa ameungoja maisha yake yote. Bandeji ilikuwa imefunika jicho moja, lakini lile lingine lilitosha. Lilikuwa likihangaika huku na huko ukumbini, likitafuta mtu wa kusema kuna makosa.

Ndipo mzee akasimama, ameshika benchi.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba na mimi nisomwe jino."

Minong'ono ilienea. Sheria iliruhusu. Chanzo nacho kinaweza kuwa na chanzo, na aliyehukumiwa ana haki ya kuomba mnyororo ufuatwe nyuma zaidi. Ikionekana kwamba naye aliharibiwa, hukumu inagawanywa, na sehemu ya marehemu hufutwa kwa kuwa hakuna wa kuitumikia. Baba yake Ambilikile alikuwa kaburini zaidi ya miaka arobaini, na kwa marehemu jino hutosha bila sauti. Jino likisema lilichotarajiwa kusema, mzee angelala nyumbani kwake jioni ileile.

Lakini aliyeharibiwa na mhukumiwa lazima akubali. Hilo nalo lilikuwa ndani ya sheria, nalo Tusekile alilijua kuliko wote, maana kwa miaka yote ya kazi yeye ndiye aliyekuwa akiwabembeleza watu wakubali. Alikaa nao kwenye korido, akawashika mikono. Aliwaambia hakuna mtu anayezaliwa na fimbo mkononi. Tukikata mnyororo katikati, hatujajua kitu. Wengi walikubali, wengine wakilia.

"Tusekile," Bi. Atuganile alimwita kwa jina, bila cheo. "Unakubali asomwe?"

Lugano alikuwa ameshika kisomeo tayari. Alikuwa akimtazama kwa macho ya mwanafunzi anayeijua hatua inayofuata.

Ambilikile alimgeukia. "Mwanangu," alisema. "Baba aliniharibu. Niliona aibu kusema, lakini aliniharibu. Waache waone."

Tusekile alisimama. Aliona kwamba anasema kweli. Alikuwa ameutambua ukweli huo siku ileile kando ya pipa, katika ile mikono iliyojifunga usoni bila kufikiri.

"Juzi barazani kwake," alisema, "baba mdogo aliniambia fimbo za baba yake hazikumharibu. Zilimnyoosha. Ameniambia hivyo tangu nikiwa na miaka mitatu, na kila aliponiambia alinilazimisha niitikie. Mimi ni mtoto niliyelelewa vizuri. Namwamini."

"Jibu ndiyo au hapana," Bi. Atuganile alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana."

Kitu fulani kiliporomoka katika lile jicho moja. Tusekile hakukosa hata chembe yake. Lugano aliweka kisomeo mezani, akatoka nje, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena.

*

Mhukumiwa huruhusiwa kuomba upya kila mwaka. Kwa hiyo kila mwaka, mvua kubwa zikikatika, Tusekile aliitwa. Sasa alikuwa akifanya kazi ya kuchambua majani kwenye kiwanda cha chai, mashine mbele, ukuta nyuma, hakuna mnyama wala mtoto. Siku ya wito alivaa gauni lake zuri la kitenge, akajipaka mafuta, akaenda mapema.

Mwaka wa kwanza alisema hapana kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, akarudi nyumbani, akapika ndizi na nyama, akala akamaliza sufuria. Alilala kama mtoto. Mwaka wa pili ilikuwa hivyohivyo.

Mwaka wa tatu walimleta Ambilikile amekonda, mashavu yameingia ndani. Meno yalikuwa yamemtoka mengi. Bi. Atuganile alieleza alichoandika daktari wa kambi: gego la kwanza limebaki moja tu, nalo linacheza. Halitafika mwakani. Likitoka litatoka vipande vipande, na baada ya hapo hakutakuwa na cha kusoma.

"Nakuomba ulifikirie hilo," alisema. "Sikuulizi tena kwa ajili ya hukumu. Nakuuliza kwa sababu baada ya leo hakuna atakayejua."

Mzee hakuomba. Alikuwa ameacha kuomba. Alikaa akaitazama mikono yake, na alipoanza kusema, hakuwa akisema na mtu.

"Nilikuwa na miaka minne," alisema. "Alikuwa akinifungia bandani na nguruwe. Ukilia, siku inaongezwa. Nilijifunza kulala nimesimama. Kulikuwa na jike mmoja mkubwa aliyenila sikio hapa. Nilikuwa namwita mama."

Aliligusa lile sikio. Lilikuwa na pengo pembeni. Tusekile alikuwa ameliona pengo hilo tangu utotoni na hakuwahi kuuliza.

Mtu mmoja ukumbini alikuwa akilia, na Tusekile alifikiri ni yeye, akajigusa shavu, akalikuta kavu. Alimtazama mzee kwa muda mrefu. Alimwona yule mtoto. Alimwona wazi kabisa, amesimama kwenye tope, anasinzia, na alijua kwamba kama angekuwa ndama au mbwa angekwisha kumwendea, akampa mkono anuse.

"Tusekile?" Bi. Atuganile aliuliza.

Ambilikile alifungua kinywa. Hakufungua kusema, alikifungua tu, wazi, jino likiwa peke yake mle ndani, la manjano, limeegemea upande.

"Hapana," Tusekile alisema.

Kisha alibaki amesimama palepale, mikono imeshika gauni, akingoja ule utamu umpande kama miaka mingine. Ulichelewa. Walikuwa wamekwisha kumwinua mzee, wakamtoa kwa mlango wa pembeni, na mwandishi wa Baraza alikuwa amekwisha kufunga dirisha, ndipo ukaja. Ulikuwa mdogo, na haukufika kwenye taya. Lakini ulikuja.